SARAFU YA BABU NA JICHO LA HAKI

Masomo: Luka 15, 8-10, Mateo 22, 15-22



Mwaujua mfano wa Bwana wetu Yezu Kristu juu ya mwanamke aliyekuwa na vipande kumi vya fedha, na kimoja kikampotea. Mwanamke yule hakumshitaki jirani yake, wala hakwenda kwa mganga, wala hakukaa kulia. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akakiona. Kisha akawaita rafiki zake wafurahi pamoja naye.

Fikirini neno moja katika mfano huo: taa ilitangulia. Mwenye kutafuta gizani huokota kigae akidhani ni fedha, ama huitupa fedha akidhani ni kigae. Kwa hiyo leo tutajifunza namna ya kupima sarafu ya zamani iliyoachwa na wazee. Labda mtu atasema, "Jambo hilo lahusu nini mafundisho ya dini?" Lahusu sana. Nimewaona watoto wa baba mmoja waliokaa miaka mitatu bila kula pamoja, kwa ajili ya kipande cha fedha kisichojaza kiganja. Na anayejitayarisha kwa Batizo hawezi kuyakaribia maji matakatifu huku amemfungia ndugu yake mlango.

I. SARAFU HIZI ZATOKA WAPI?

Zamani wazee wetu wa mto mkubwa na wa misitu hawakununua vitu kwa sarafu. Walibadilishana samaki na ndizi, chumvi na vyungu. Walitumia simbi, nguo, na ile mitako ya shaba. Sarafu za fedha zilikuja pamoja na wageni, tena kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilitoka mashariki. Waarabu na Wangwana walikuja kutoka Unguja, wakapita Kasongo na Nyangwe, wakafika hata kwenye maporomoko ya Wagenya. Mkuu wao alikuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Mwaka 1887 alikubaliwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu ya leo. Wafanyabiashara wa pwani walihesabu mali zao kwa rupia za Uhindi na kwa sarafu kubwa iliyoitwa reale. Reale hiyo ina picha ya mama mzee mwenye mtandio kichwani, na chini ya picha herufi S.F. Upande wa pili yuko tai mwenye vichwa viwili. Mama yule ni Maria Theresa, malkia wa Austria.

Njia ya pili ilitoka magharibi. Mwaka 1885 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alijifanya mkuu wa nchi hii, ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Wazee waliiita Bula Matari. Mwaka uleule wa 1887, yaani miaka kumi kabla Padiri Gabriel Grison hajaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli hapa kwetu, Dola ile ilitoa sarafu zake. Zile za fedha zilikuwa za faranga 5, faranga 2, faranga 1 na nusu faranga. Ile ya faranga 5 ina kichwa cha Leopold mwenye ndevu ndefu, na upande wa pili simba wawili wanaishika ngao yenye taji. Miaka inayosomwa juu yake ni 1887, 1891, 1894 au 1896. Ukiona mwaka mwingine juu ya faranga 5 ya Dola Huru, uwe na shaka mara moja.

Baadaye, wakati wa vita vya 1939 hata 1945, ilitolewa sarafu nyingine ya fedha, ya faranga 50, yenye picha ya tembo na mwaka 1944. Hiyo nusu yake tu ni fedha safi.

Wengine huuliza kama sarafu hizi zanunua kitu dukani. Hapana, hazinunui hata chumvi. Mwaka 1967 faranga iligeuzwa kuwa zaire. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya. Mwaka 1998 ikarudi faranga ya Kongo. Mwishoni mwa mwaka 1979 noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa ghafula, na watu wengi wakabaki na karatasi mikononi. Thamani ya sarafu ya kale yatokana na mambo mawili tu: fedha iliyomo, na hamu ya watu wanaokusanya vitu vya kale. Na hao wanaokusanya hutazama kwanza hali yake.

II. USIISUGUE

Hili ndilo onyo kubwa, nami naomba mlishike. Mkikuta sarafu ya fedha imekuwa nyeusi, msiisugue. Msitumie mchanga, wala majivu, wala ndimu, wala dawa ya meno.

Weusi ule si uchafu kama tope la barabarani. Fedha ikikaa miaka mingi katika nyumba yenye moshi, au ikishikwa na mikono yenye jasho, uso wake hugeuka polepole ukawa wa kijivu, kisha wa kahawia, kisha mweusi. Ni ngozi nyembamba sana. Anayesugua kwa mchanga haondoi ngozi hiyo peke yake. Huondoa na fedha ya chini yake. Mistari midogo ya nywele, manyoya ya tai, meno ya taji, yote huliwa na mchanga. Sarafu hung'aa kama kijiko kipya, na mwenye nayo hufurahi. Lakini mnunuzi mwenye ujuzi akiitazama huona mikwaruzo elfu moja inayokwenda upande mmoja, naye hupunguza bei. Hasara hiyo haina dawa. Weusi waweza kukaa miaka mia bila kuharibu kitu, lakini mkono wa mtu mwenye haraka huharibu kwa dakika tano.

Kama kuna udongo juu yake, iweke katika maji safi, uigeuze taratibu, kisha uikaushe kwa kuibonyeza kwa kitambaa laini, pasipo kupangusa. Basi, imetosha.

III. NJIA TANO ZA KUIPIMA

Kwanza, itazame kwa mwanga wa mchana. Nawa mikono, ukae mlangoni asubuhi, uishike kwa ukingo wake, vidole visiguse uso. Soma maneno, soma mwaka, tazama picha. Andika yote katika daftari. Siku hizi kijana mwenye simu aweza kupiga picha pande zote mbili, na hiyo ni ulinzi mkubwa, kwa maana sarafu iliyopigwa picha si rahisi kubadilishwa na nyingine.

Pili, ipime uzito. Wanunuzi wa dhahabu na almasi wana mizani midogo yenye kupima hata sehemu za gramu. Faranga 5 ya Dola Huru ilipotoka kiwandani ilikuwa na gramu 25. Ya faranga 2 gramu 10. Ya faranga 1 gramu 5. Ya nusu faranga gramu 2 na nusu. Reale ya Maria Theresa ilikuwa na gramu 28 na kidogo. Sarafu iliyotembea sana hupungua kidogo. Lakini kama reale yako ina gramu 22, ama imekatwa, ama si reale.

Tatu, ikaribishe kwenye sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ndani yake mna chuma, na kazi imekwisha. Lakini isipovutwa, usishangilie bado, kwa maana shaba na risasi pia hazivutwi. Njia hii yaweza kumfukuza mwongo mmoja, lakini haiwezi kumthibitisha mkweli.

Nne, tazama ukingo wake. Sarafu ya kweli hupigwa chapa kwa nguvu kubwa, na maandishi yake yana kingo kali. Sarafu ya uongo mara nyingi humiminwa katika kalibu kama sabuni. Uso wake una vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, na ukingoni huonekana mstari pale ambapo nusu mbili za kalibu ziliungana. Tena, iweke juu ya ncha ya kidole, uigonge taratibu kwa sarafu nyingine. Fedha hulia sauti ndefu kama kengele ndogo ya misa. Risasi hutoa sauti fupi iliyokufa.

Tano, tazama mahali palipoinuka. Sarafu huchakaa kwanza pale inapogusana na vitu. Kwa Leopold, tazama nywele za juu ya sikio, ndevu na shavu. Kwa Maria Theresa, tazama nywele, na kile kishikizo cha vito begani. Upande wa pili, tazama manyoya ya simba au ya tai, na taji. Kama kila unywele wasomeka na hakuna alama ya kuguswa, Wafaransa na Wabelgiji huiita fleur de coin, yaani ua la chapa, kama ua lililofunguka asubuhi ile. Kama nywele zimelala kidogo, ni nzuri sana. Kama zimeungana zikawa kitu kimoja, lakini maneno na mwaka bado vyasomeka, ni ya wastani. Kama uso umebaki kivuli tu, imechoka. Sema lile unaloliona, wala usiseme lile unalolitamani.

IV. KUCHAKAA SI KUJERUHIWA

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tuende polepole.

Sarafu yaweza kupungua kwa namna mbili. Namna moja ni kuchakaa. Imepita katika mikono mingi: ya muuza samaki, ya askari, ya mpiga kasia, ya mama aliyeifunga katika pindo la nguo. Kila mkono umechukua kidogo kisichoonekana. Uchakavu huo hauna aibu, kwa sababu ni alama ya kazi. Itazame mikono ya mama yako: imekwisha kwa kutwanga sombe, kwa jembe, kwa kubeba kuni na maji. Ni nani atakayesema mikono hiyo imeharibika? Imetumika kwa ajili yako.

Namna nyingine ni kujeruhiwa. Mtu ameipasua tundu aivae shingoni. Mwingine ameikata ukingo apate unga wa fedha. Mwingine ameichomelea kipini. Mwingine ameisugua apate kumdanganya mnunuzi. Hayo hayakuletwa na miaka, yaliletwa na mkono wa mtu kwa sababu ya tamaa au ujinga.

Hata hivyo msiwe wepesi wa kuhukumu kila tundu. Sarafu nyekundu za shaba za Dola Huru, zile za santimu 1, 2, 5 na 10, zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati. Tundu lile ni sehemu yao, na kingo zake ni laini na mviringo kamili. Tundu la msumari halikai katikati, na kingo zake zimechanika. Yaani, kabla hujasema "kimeharibika", uliza kwanza kilikuwaje kilipotoka kwa mwenye kukifanya.

Na kama ni tundu la msumari, usilizibe kwa risasi. Sarafu yenye tundu bado ni fedha. Sarafu iliyozibwa kwa hila ni fedha pamoja na uongo.

V. MASHITAKA YA WATOTO WATATU

Sasa nitawaeleza jambo lililotukia katika kijiji kimoja kando ya mto Tshopo. Sitataja majina.

Mzee mmoja alifariki, akaacha wana wawili na binti mmoja. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na reale ya Maria Theresa, iliyofungwa katika kitambaa pamoja na karatasi yake ya batizo. Babu wa babu yao alikuwa mpagazi wa Wangwana, naye aliiacha. Juu ya sarafu mliandikwa mwaka 1780. Kaka mkubwa akasema, "Ina umri kupita miaka 200. Bei yake ni nyumba ya matofali." Akaichukua. Mdogo wake akasema kwamba kaka amekwisha kuiuza, na kwamba ile iliyobaki ni ya bandia. Kaka akamjibu kwamba yeye amekwenda kwa mganga ili amloge. Dada yao, ambaye alikuwa amemwosha baba na kumlisha masika mawili, aliambiwa anyamaze, kwa maana mwanamke hana fungu. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita akamwambia kaka, "Isugue kwanza, nami nitarudi." Miaka mitatu ikapita. Hawakula pamoja, wala hawakuzikana vizuri.

Yule mdogo alikuwa mkatekumeni. Pasaka ilipokaribia, aliulizwa kama ana amani na nduguze, akalia. Ndipo wote watatu waliitwa. Walikuja na wazee wawili, wakaketi juu ya mikeka mbele ya kanisa, mchana, na sarafu ikawekwa katikati juu ya kitambaa cheupe.

Wakaitazama kwa zamu, kila mmoja akisema analoliona. Mdogo akaona alama ndogo karibu na sikio la malkia, ambayo baba alizoea kuwaonyesha walipokuwa watoto. Akakiri kwamba sarafu ni ileile, na kwamba kaka hakuibadilisha. Ilipopimwa ilikuwa na gramu 27 na nusu, yaani reale ya kweli iliyochakaa kwa haki. Lakini upande wa malkia ulikuwa mweupe na wenye mikwaruzo, na upande wa tai ulikuwa mweusi na mzima. Watu wote wakanyamaza. Kaka akasema, "Ni mimi niliyesugua. Mke wangu alinizuia kabla sijafika upande wa pili."

Halafu wakaambiwa habari ya mwaka. Malkia Maria Theresa alifariki mwaka 1780. Lakini watu wa Uarabuni na wa Ethiopia waliiamini sana sarafu yake, hawakutaka nyingine. Kwa hiyo iliendelea kupigwa chapa miaka mingi baada ya kifo chake, na sikuzote kwa mwaka uleule wa 1780. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London, Paris, Bruxelles na Bombay. Basi mwaka ule hauonyeshi umri wa sarafu. Zimetoka kwa mamilioni. Reale iliyochakaa haipiti sana bei ya fedha iliyomo: katika kila sehemu 1000, fedha ni 833 tu, maana yake si zaidi ya gramu 23 na nusu za fedha safi. Nyumba ya matofali ilikuwa imejengwa ndani ya vichwa vyao.

Mwisho, padiri aliyekuwepo akaichukua, akaigeuza ukingo kwenye mwanga. Katika ukingo wa reale mna maneno ya Kilatini yaliyoinuka, ambayo wengi hawayaoni kwa kuwa hutazama nyuso tu. Yalikuwa maneno ya malkia mwenyewe. Padiri akayasoma: Iustitia et Clementia. Akawaeleza maana yake: Haki na Huruma.

Wapenzi, kwa muda wa miaka mitatu maneno hayo yalikuwa mkononi mwao.

Wakatafuta haki kwanza. Mzee mmoja akasema desturi haimpi binti fungu. Akajibiwa kwamba Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike katika urithi wa baba yao. Tena Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, yaeleza namna binti za Selofehadi walivyosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema kwamba wana haki. Wakakubaliana kwamba, ikiwa itauzwa, bei itagawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, na wote watatu watakwenda pamoja kwa wanunuzi wawili kabla ya kukubali. Bei ya fedha ulimwenguni hubadilika kila siku, kwa hiyo haifai kumwamini mtu mmoja kwa neno moja.

Kisha wakatafuta huruma. Mdogo akamwomba kaka msamaha kwa kumwita mwizi. Kaka akamwomba dada msamaha kwa kumnyamazisha. Wote wawili wakasema sarafu ikae kwake, yeye aliyemwosha baba, mpaka watakapoamua. Jioni ile walikula lituma na samaki katika sinia moja.

VI. PICHA YA NANI?

Siku moja watu wenye hila walimwuliza Bwana Yezu kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Yeye alitaka aonyeshwe sarafu, akawauliza picha juu yake ni ya nani. Walipojibu kwamba ni ya Kaisari, aliwaambia wamrudishie Kaisari vilivyo vyake, na Mungu vilivyo vyake. Kama sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina picha yake, ni kitu gani basi chenye picha ya Mungu? Kitabu cha Mwanzo chatujibu: ni mtu. Wewe, mkatekumeni, ndiwe sarafu ya Mungu.

Ndiyo maana siku za kujitayarisha kwa Batizo ni siku za kupima. Nayo kanuni ni ileile tuliyoitumia kwa reale.

Washa taa kwanza. Kila jioni, kabla ya kulala, uitazame siku yako mbele ya Mungu. Useme ulilolifanya, si ulilotamani kulifanya.

Usijisugue ili ung'ae mbele ya watu. Wako wanaovaa nguo nyeupe, wanaosali kwa sauti kubwa, na upande wa ndani wameficha hasira ya miaka. Mungu hutazama pande zote mbili, na ukingo pia.

Usione haya kwa kuchakaa. Kama wewe ni mzee na kumbukumbu yako imepungua, kama husomi, kama mikono yako ni migumu kwa kazi ya shamba na ya mto, Mungu hapunguzi bei yako. Lakini jeraha ulilojitia mwenyewe, yaani wizi, uongo, uzinzi, chuki, usilizibe kwa risasi. Lionyeshe. Yeye aliyekufanya ajua kukutengeneza, nasi hatujui.

Wala usimpime jirani yako kwa mwaka ulioandikwa usoni pake. Huyu asema, "Mimi ni wa ukoo mkubwa." Yule asema, "Babu yenu alikuwa mtumwa wa Wangwana." Fedha haisemi ilipita mikononi mwa nani, nasi hatuhukumiwi kwa mikono ya babu zetu. Mpime mtu kwa alivyo leo, kwa haki na kwa huruma.

Na siku ya Batizo itakapofika, roho yako itapokea chapa ambayo haichakai kamwe. Kwa sababu hiyo Kanisa halimbatizi mtu mara mbili. Hata mkristu akianguka, akapotea gizani chini ya kitanda kama kile kipande cha fedha, chapa ile yakaa. Naye Bwana atawasha taa, atafagia, atatafuta, mpaka amwone.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA MAFUNDISHO

1. Kwa nini mwanamke wa mfano aliwasha taa kabla ya kufagia?

2. Kwa nini haifai kuisugua sarafu ya fedha iliyo nyeusi?

3. Taja njia tano za kuipima sarafu ya kale. Ni ipi isiyotosha peke yake, na kwa sababu gani?

4. Kuna tofauti gani kati ya kuchakaa na kujeruhiwa? Toa mfano wa sarafu, kisha mfano wa mtu.

5. Maneno ya ukingoni mwa reale yasemaje? Katika jamaa yako ni nani anayengojea haki? Ni nani anayengojea huruma?

AZIMIO: Juma hili nitamtembelea ndugu yangu ambaye sijala naye siku nyingi. Sitakwenda mikono mitupu.